Jina la Kumi na Saba

Jumatatu hiyo Sista, mhudumu wetu mwandamizi, alipiga simu kutoka Muleba akasema seva imemkataa, nami nikamjibu kwamba seva haina moyo wa kumkataa mtu. Nilisema kwa ukali. Mwaka ule nilikuwa mtu wa majibu ya namna hiyo, na wenzangu wa ofisi ya Bukoba walikuwa wameacha kunisemesha isipokuwa printa ikigoma.

"Shemeji," akasema, "sijasema ina moyo. Nasema nimefungua folda ya visiwani, nimeambiwa sina ruhusa."

"Umekosea paswedi."

"Ningekosea paswedi ningeingiaje? Folda nyingine zote nafungua. Ni hiyo moja tu."

Nikamwambia atoke aingie upya, na ikikataa tena azime mashine kabisa, anywe chai, ndipo aiwashe. Nikakata simu kabla hajaniambia faili analitaka la nini. Sikumuuliza. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Mradi wetu ulihudumia wagonjwa majumbani. Dawa za kurefusha maisha tulikuwa tunazisikia redioni tu, kama habari za nchi nyingine. Ugonjwa wenyewe ulianza kuonekana kwetu baada ya vita vya Uganda, tukauita kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kwenye fasheni, tukacheka, na miaka michache baadaye hakuna aliyekuwa anacheka. Wahudumu wetu walizunguka kwa baiskeli na kwa miguu, kila mmoja na eneo lake tuliloliita mzunguko. Mgonjwa alipewa kadi yenye namba tupu, bila jina, ili hata ikidondoka njiani isimwaibishe. Jina lake na habari zake zilikaa kwenye folda ya mzunguko, ndani ya seva iliyofungiwa chumba cha nyuma cha ofisi ya Muleba. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba asiyehusika hafungui. Ufunguo wa chumba kile nilitembea nao mimi, na hata mimi nilikula kiapo kwamba mafaili yale nitayalinda bila kuyasoma.

Kwa kila mzunguko nilitengeneza kundi ndani ya seva. Aliyeandikwa kwenye kundi anafungua folda yake, asiyeandikwa anaambiwa hana ruhusa. Ni utaratibu mzuri na bado nautetea. Kosa langu lilikuwa kwamba makundi niliyapa majina ya wahudumu badala ya majina ya mahali. Walifurahi sana kuona majina yao kwenye kioo, na mimi nikafurahi kwamba wamefurahi.

Kisha wakaanza kuondoka. Wengine walihama, wengine waliolewa, wengine tuliwazika. Mkubwa wetu wa kazi aliniambia mara mbili, na mara ya pili kwa maandishi, niyafute makundi ya walioondoka na kuyaunganisha yaliyobaki. Nikamjibu kwa maneno mengi kuhusu usalama wa taarifa. Ukweli ni kwamba sikuweza. Kwetu Buhaya msiba hauishi mpaka ukoo umtaje msika, yaani mrithi, akalishwe mbele za watu mahali pa marehemu, ijulikane kwamba nyumba ile ina mtu. Mimi nilifanya hivyohivyo kwenye seva. Mhudumu akifa, au hata akihama, jina la kundi niliacha palepale, na chini yake nikaandika msika. Na msika alikuwa Sista kila mara, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwandamizi, na kwa sababu yule mama alikuwa hajui kukataa mzigo. Hata alipopatikana mhudumu mpya wa kushika mzunguko, Sista alibaki kwenye kundi kama msimamizi.

Kundi la mwisho kabisa kwenye orodha lilikuwa la visiwani, maana visiwa tulianza kuvihudumia mwisho. Lilikuwa na jina la mke wangu.

Yeye alikuwa anavuka ziwa kwa mitumbwi ya wachuuzi wa samaki, na boksi la dawa mapajani, kwenda kwenye makambi ambako watu wametoka kila upande na nusu yao wamebadilisha majina. Alikufa mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu akawa amekwenda. Pale msibani nilijua kila mtu anafikiria ugonjwa gani, sikuhangaika kuwasahihisha. Jirani yangu wa Kashai alianza kunitengea kikombe. Nilikiona, kilikuwa cha bati chenye ukingo wa bluu, kimetundikwa peke yake msumarini, na tangu siku hiyo sikwenda tena kwake kunywa chai. Nikawa napika chungu kimoja Jumapili na kukila mpaka Jumatano, nasikiliza redio za wapangaji wengine ukutani. Nilikuwa mpweke, na upweke ulikuwa umenifanya mkorofi, na ukorofi ukazidi kuwafukuza watu. Nilikuwa naliona hilo wazi na sikujua nianzie wapi kulirekebisha.

Muleba sikutaka kwenda. Kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo, kipo huko, nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu, na yeye amezikwa humo. Tangu matanga nilikuwa sijakanyaga kibanjani. Kazi za ofisi ya Muleba nilizifanya kwa simu kadiri nilivyoweza, na zile za lazima nilikwenda na basi la asubuhi na kurudi na la mchana, kichwa chini.

Jumanne Sista alipiga tena. Safari hii hakunipa nafasi ya kukata.

"Shemeji, nisikilize. Jana nilikuwa nataka kukwambia. Jumapili wavuvi wamemleta mama mmoja kutoka visiwani, wamemwacha kituo cha afya, wamerudi. Hasemi. Homa imeingia kwenye ubongo. Kule kambini wanamjua kwa jina la utani tu, na hakuna anayejua kwao ni wapi. Amekutwa na kadi yetu kwenye kanga."

"Na namba ni ya visiwani."

"Ni ya visiwani. Daktari anasema wiki hii haimalizi. Kama ana watu wake, wako kwenye hiyo folda. Nisipoifungua atafia hapa, tutamzika kama mtu asiye na kwao."

Ningepaswa kuchukua ufunguo na kukimbilia stendi. Badala yake nikasema tatizo litakuwa waya. Nikamtaka karani achomoe waya nyuma ya mashine, aupulize, aurudishe. Jumatano nikasema labda ni panya, wafuatilie ukutani waone kama umetafunwa. Wakafuatilia. Hawakukuta panya. Siku zote hizo tatu nilijua, kama fundi, kwamba waya uliokatika haukatai folda moja na kuruhusu nyingine zote. Nilijua na nikasema panya.

Alhamisi asubuhi mkubwa alisimama mlangoni kwangu na kusema, "Leo ama uende Muleba ama uandike barua ya kuacha kazi. Lolote litakalokuwa jepesi kwako." Kusema kweli nilipima yote mawili.

Nilifika saa nne. Sista alikuwa kwenye meza iliyokuwa ya mke wangu, kwa sababu ndiyo meza yenye kompyuta. Alisimama akanipisha. Nikakaa. Nikaiuliza mashine Sista yumo kwenye makundi gani, ikanijibu kwa uaminifu wote, majina yote, na la mke wangu mwishoni. Yumo. Nikaangalia ruhusa za folda. Ziko sawa. Nikaziandika upya hivyohivyo zilivyo. Nikajaribu folda kwa jina lake, hana ruhusa. Nikamtoa Sista kwenye kundi la mke wangu nikamrudisha. Hana ruhusa. Nilikaa pale mpaka karibu saa sita nikizunguka jambo moja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, na jasho linanitoka, maana mtu anakufa mwendo wa dakika kumi kutoka pale na kila nilichokuwa nakiangalia kilikuwa sahihi.

"Shemeji," Sista akasema nyuma yangu, "huko chumbani kwako, ukiiuliza yenyewe ana kwa ana, inasemaje?"

Nikataka kumwambia kwamba haiwezi kuleta tofauti. Bahati nzuri nilikuwa nimechoka. Nikafungua chumba cha nyuma, nikamvutia kiti mbele ya seva yenyewe, akaandika jina lake na paswedi yake, akaifungua folda ya visiwani. Ikafunguka palepale.

Niligeuka nikatazama ukuta, kwa ajili ya kile kiapo. Nilisikia anatafuta namba.

"Kuna maneno ya mwenzangu hapa," akasema. "Haya nadhani hata wewe una haki ya kuyasikia."

Akanisomea. Mke wangu alikuwa ameandika jina la kweli la yule mama, na jina la mama yake mzazi, na kwamba kwao ni Maruku, chini ya mashamba ya utafiti, nyumba ya pili kutoka kisimani. Aliondoka kwa hasira akiwa msichana, baada ya kugombana na baba zake wadogo, na hajawahi kurudi. Anaogopa kurudi akiwa mzima lakini anataka kurudishwa akizidiwa. Baba yake alikwenda vitani na hakurudi, wala mwili haukuonekana. Mwishoni mke wangu aliandika: mama yake ameshakosa kaburi moja, tafadhali asikose la pili.

Alikuwa akiandika hivyo siku zote, kwa "tafadhali," hata kwenye karatasi ya kuniagiza chumvi.

Sista alikuwa ameshatoka kwenda kupiga simu kituo cha afya. Gari la mradi lilikuwa Kamachumu, dereva akasema itamchukua saa mbili kufika. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja, na kwa sababu sikuweza kukaa bure na maneno yale, nikarudi kwenye swali: kwa nini ifunguke hapa na ikatae hatua kumi kutoka hapa, kwa mtu yuleyule?

Jibu lilinijia kutoka kwenye kitabu cha mafunzo nilichokisoma zamani na kukiruka nusu. Kompyuta ya mezani ikiomba faili kwa seva kupitia waya, inatuma kitu kama barua ya utambulisho: huyu ni fulani, na yumo kwenye makundi haya na haya. Barua hiyo ina mistari kumi na sita tu ya makundi. Walioitunga waliona kumi na sita zinamtosha binadamu yeyote. Ukiwa na la kumi na saba haliandikwi, na hakuna anayeambiwa, si mtumaji wala mpokeaji. Lakini ukikaa mbele ya seva yenyewe hakuna barua. Inakusoma yote uliyo nayo.

"Una makundi mangapi?" nikamuuliza Sista aliporudi.

"Wewe ndiye unayeniandika."

Nikachukua orodha nikaanza kusoma majina, yeye akihesabu kwa vidole. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe.

"Huyu?"

"Alihamia Mwanza."

"Huyu?"

"Ameolewa Karagwe. Ana mapacha."

"Huyu?"

Akakunja kidole tu. Nikasoma linalofuata, akakunja kingine. Tulikwenda hivyo, akisema neno kwa walio hai na kunyamaza kwa wengine, mpaka vidole vikaisha akaanza upya. La kumi na sita lilikuwa la kijana wa Nshamba tuliyemzika mwezi uliopita. Nilikuwa nimemwandika Sista chini yake siku moja baada ya mazishi. Kundi la kijana yule lilikuwa juu ya la visiwani kwenye orodha, kwa hiyo lilipoongezeka, la mwisho ndilo lililosukumwa nje ya barua. La kumi na saba lilikuwa la mke wangu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyejaa," Sista akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini machozi yalimlengalenga.

"Hapana. Mimi ndiye niliyekujaza."

Kumtoa kwenye kundi lolote kungetosha kwa siku ile, ila mwezi ujao tungerudi palepale. Dawa ilikuwa ile aliyoiagiza mkubwa mara mbili: kuunganisha mizunguko, na kuipa majina ya mahali. Ningeweza kuanzia juu. Nilianzia chini, kwa sababu majina ya wale wengine nilikuwa nimeyatunza ili nisione aibu ya kulitunza lake peke yake. Nikatengeneza kundi jipya nikaliita visiwani, nikalipa folda, nikamwandika Sista peke yake, maana mhudumu mpya wa visiwani alikuwa bado hajapatikana. Kisha nikafuta jina la mke wangu. Kwenye kioo ilikuwa mstari mmoja, ukaondoka kama mistari yote. Nililia pale, kwa sauti, mbele ya mwanamke wa watu, na yeye akanishika bega. Tulipounganisha mingine minne hivi, Sista akaenda mezani kujaribu, akaniita kwamba folda imefunguka.

Gari lilifika saa nane na nusu. Yule mama tulimlaza nyuma juu ya godoro, mwepesi kama kikapu, Sista akakaa kando yake ameinua chupa ya maji ya dripu, mimi mbele na dereva. Barabara ilikuwa ya vumbi na dereva alikwenda polepole kwa ajili ya mgonjwa. Tulipopita Kemondo Sista aligonga kioo, nikadhani basi, imekwisha. Alitaka tu nimpokee chupa kwa muda, mkono umekufa ganzi. Nikahamia nyuma. Kutoka pale hadi Maruku niliishika mimi.

Kisima tulikipata, na nyumba ya pili tukaipata, jua likiwa bado juu ya migomba. Bibi mmoja alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Sista aliteremka, akapiga goti, akamsalimu kwa Kihaya, akamuuliza kama ndiye fulani, mama wa fulani. Bibi aliweka kisu chini, akaja mpaka kwenye gari, akafunua shuka miguuni, si usoni, akaushika mguu wa kushoto na kutazama kovu la zamani kwenye kidole.

"Ni yeye," akasema. "Mwingizeni ndani."

Nyasi za sakafuni zilikuwa mbichi, zimetandazwa siku hiyohiyo. Tukamlaza juu yake. Sista anasema macho ya mgonjwa yaligeuka aliposikia sauti ya mama yake. Mimi sikuona, na sitaki kudai nisichokiona.

Aliishi mpaka Jumamosi asubuhi. Nilikwenda mazishini, sikutumwa na ofisi, nikashika jembe pamoja na vijana wa kijiji, na kaburi likachimbwa ndani ya kibanja nyuma ya nyumba. Watu walikula, na baadhi wakaanza kuaga. Yule bibi akaniita nikaketi karibu naye.

"Omwana wange," akasema, "nimekaa naye siku mbili. Nimemwosha. Nimemwambia yote niliyokuwa nimemwekea. Baba yake hawakuniletea hata shati. Nani aliwaambia kwamba ni wangu?"

Nilikuwa natazama udongo kwenye kucha zangu. Siku mbili. Ningekwenda Jumatatu, siku aliyonipigia Sista, angekaa naye tano.

"Mke wangu," nikasema. "Alikuwa akimtembelea kule visiwani. Aliyaandika."

"Alimsikiliza mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kasinge, waitu. Mwambie mkeo nimeshukuru. Mwambie yote, usimpunguzie hata neno."

Alipaswa kuambiwa ukweli, kwamba mke wangu amekufa na kwamba zile siku tatu nilizipoteza mimi, na sikuwa na uwezo wa kumwambia siku ile, pale penye udongo mbichi. Nikasema nitamwambia.

Kesho yake, Jumapili, nilipanda basi la Muleba nikashuka njia panda ya kwetu, nikaenda kwa miguu mpaka kibanjani. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Niling'oa mpaka nikaliona kaburi, nikakaa, nikampa mke wangu salamu za yule bibi neno kwa neno. Kisha nikamwambia na zile siku tatu.